Madirisha Manne ya Harambe

Uko mji wa Kiswahili ambamo usiku halali mtu hata mmoja. Uko Florida, Marekani, ndani ya Disney's Animal Kingdom, bustani ya burudani iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998 karibu na Orlando. Jina lake Harambe. Kuta zake zimebabuliwa chokaa kwa makusudi, zimepakwa rangi zionekane zimepigwa na jua na chumvi ya bahari miaka mingi, na kwenye jiwe moja pameandikwa Uhuru 1961. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walizunguka Afrika kabla ya kuuchora, na mji walioutazama kuliko yote ni Lamu.

Ukiona njaa Harambe, vibao vinakuita kwa lugha yako. Bisi zinauzwa kwenye kibanda kiitwacho Mahindi. Aiskrimu iko Tamu Tamu. Kahawa na maandazi ya kizungu viko Kusafiri, vileo viko Dawa Bar. Mgahawa mkubwa wa mji, Tusker House, ulianza mwaka 1998 kama mahali pa kununua kaunta na kujitafutia meza. Mwaka 2007 uligeuzwa kuwa wa bufee, na sasa watoto hula huku Donald Duck akipita mezani kuwasalimia. Nilifika huko na ndugu zangu wanaoishi Marekani, na nilifurahi. Kuona Kiswahili kimeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya watu wa mataifa yote kunamfanya mtu atembee kifua mbele.

Ila kilichobaki kichwani mwangu hadi leo ni soko la mji ule.

Mwaka 2015 Harambe ilipata soko lake la chakula, Harambe Market, kando ya reli inayopitiwa na treni ya bustani. Yalijengwa madirisha manne, na mbele yake zikawekwa meza za kukalia. Kitamu Grill lilikuwa dirisha la vitu vya kuchoma, kuku wa mishikaki akiwemo. Famous Sausages liliuza soseji zilizochovywa kwenye rojo la unga wa mahindi lenye bizari, zikakaangwa. Kwa Chef Mwanga ziliuzwa mbavu zilizopakwa viungo. Kwa Wanjohi kulikuwa na vinywaji. Kila dirisha lilikuwa na chakula chake na foleni yake. Nia ilikuwa wazi: mgeni azunguke kama azungukavyo mtu sokoni, anuse huku, aulize kule, kisha achague.

Haukupita muda mrefu mpango huo ukabadilishwa. Madirisha yalibaki, na majina yakabaki juu yake, lakini orodha ya vyakula ikawa moja. Ukasimama penye jina hili au jina lile, ukapata kilekile. Vyakula vyenyewe navyo vimebadilishwa mara kadhaa tangu hapo, vingine vikaondoka, vingine vikaja kwa sura ya sahani moja yenye wali na kitoweo.

Sababu ya mabadiliko hayo ni ya kibinadamu, na siibezi. Fikiria familia iliyolipa zaidi ya dola 100 kwa kila mtu mzima ili kuingia, iko juani, mtoto mdogo analia. Baba anataka mbavu, mama anataka kuku, mtoto anataka soseji, bibi anataka kitu cha baridi tu. Kwa mpango wa kwanza ilibidi watawanyike kwenye foleni nne. Wa kwanza akipata chakula, wa mwisho bado yuko mbali na dirisha. Ama mmoja ale peke yake, ama chakula kipoe kikiwangoja wenzake. Kwa orodha moja, mtu mmoja anapanga foleni mara moja, na sinia linafika mezani na riziki ya wote. Kula pamoja ni jambo kubwa. Nimelelewa katika nyumba ambayo hakuna aliyetia mkono kwenye sinia kabla ya wote kunawa, na sitamlaumu yeyote anayejitahidi kuiketisha familia ya watu kwenye meza moja kwa wakati mmoja.

Lakini swali langu linaanzia hapohapo. Kwetu pia watu wa nyumba moja hutamani vitu tofauti, na kwetu pia wauzaji ni wengi, kila mmoja na chungu chake. Imekuwaje sisi hatulazimiki kuchagua kati ya wingi wa vyakula na kukaa pamoja?

Keti kwa mama lishe wa Dar es Salaam, pale wanapokaa watatu au wanne chini ya turubai moja, umwambie unataka maharage yake ila ule kwa chapati. Yeye hapiki chapati. Hatakwambia hazipo. Atapaza sauti, "Mama Chapati, niletee mbili za moto huku!" na zitafika zimefunikwa. Mwenye juisi ya ukwaju ataitwa vivyo hivyo. Ukimaliza, unamlipa kila mtu chake, au unamlipa mmoja naye anajua namna ya kuwafikishia wenzake.

Baa zetu nyingi zimeendeshwa hivyo miaka nenda rudi. Mwenye baa anauza vinywaji, jiko analikodisha kwa mtu mwingine, na mara nyingi anayekaanga chipsi si yule anayechoma mishikaki. Mhudumu anayekuletea soda ndiye anayekwenda kukuagizia, na mwishoni zinakuja hesabu mbili, ya kaunta na ya jikoni. Wewe huinuki kitini. Kwenye meza moja zimekutana biashara tatu, na hakuna iliyomeza nyenzake.

Utaratibu huo haukuchorwa na mhandisi. Unasimama juu ya mambo madogo yasiyoandikwa popote: kukopeshana chenji asubuhi, kumwangalizia mwenzako moto anapokwenda kuswali, kujua kwamba kumwitia jirani mteja leo si hasara kwa kuwa kesho yeye ataleta wake. Pwani watoto hujifunza haya mapema. Ramadhani, jua likikaribia kuzama, sahani hupita mlango kwa mlango. Huyu katuma kaimati, yule katuma viazi vya nazi, wa tatu katuma tambi. Nyumba iliyopika vitu viwili inafuturu kwa vitu vitano, na sahani ya watu hairudi tupu. Mtoto anayetumwa kubeba sahani hizo anajua, kabla hajafundishwa na mtu, kwamba wingi ulio juu ya mkeka wao umetoka kwa wengine.

Harambe ya Florida ilipewa vyote isipokuwa ujirani huo. Chef Mwanga ni jina la kubuni, na Wanjohi naye ni wa kubuni. Madirisha yote ni ya mwajiri mmoja. Kijana aliye kwenye dirisha la kuku hana cha kupata akimwitia mteja yule wa soseji, wala hana cha kupoteza asipomwita. Kwa hiyo foleni zilipoanza kuwasumbua wageni, ile njia ya kwetu, ya muuzaji kumfuatia mteja kitu kwa jirani, haikuwepo. Njia iliyobaki ilikuwa kufuta tofauti. Wajenzi waliweza kuiga ukuta wa Lamu hadi ufa wake. Ujirani wa wauzaji hauigiki kwa rangi na saruji, kwa sababu unatokana na watu wenye mali yao wenyewe na jina lao wenyewe, ambao wanahitajiana.

Tangu nilipoyatafakari haya nimekuwa nikitenganisha wingi wa aina mbili.

Upo wingi wa machaguo. Bustani ileile ina mgahawa uitwao Satu'li Canteen, katika eneo la Pandora lililofunguliwa Mei 2017. Pale unapewa bakuli: unachagua cha kuweka chini, kisha kitoweo, kisha mchuzi, na michanganyiko inayowezekana ni mingi. Hapo ndipo pia Disney ilipoanzia kuwaruhusu wageni wake wa Florida kuagiza chakula kwa simu, mwaka huohuo, ili mtu afike na kukuta sinia liko tayari. Wingi huu ni mwema. Unamjali anayekula, unamjali asiyekula nyama, unamjali mwenye mtoto mchaguzi, na unaokoa muda wa watu waliolipa sana.

Na upo wingi wa watu. Huu ni wa wapishi wengi, kila mmoja amekaa na chakula kimoja miaka mingi hadi akawa na msimamo juu yake. Wauza urojo wawili wa Unguja wanaokaa mita 50 mmoja kutoka kwa mwingine hawauzi urojo mmoja. Huyu anaamini embe bichi ndiyo roho yake, yule anaamini bajia zikitiwa mapema zinauharibu. Kila mmoja ana wateja wanaomwamini kuliko mwenzake. Wingi wa machaguo unatoka kwenye jiko moja na unaweza kubadilishwa kwa kikao kimoja. Wingi wa watu hauwezi kuagizwa. Hukua polepole, kwa mtu kukosea, kurekebisha, kusifiwa na kuulizwa na bintiye jinsi ya kufanya. Wingi huo ukifa, huwezi kuurudisha kwa kubandika orodha mpya ukutani.

Ninayo sababu ya kulisema hili sasa. Animal Kingdom inaendelea kubadilika. Eneo la DinoLand lilianza kufungwa hatua kwa hatua mwaka 2025 ili kupisha eneo jipya la Amerika ya kitropiki, linalotarajiwa kufunguliwa 2027, lenye mji wa kubuni uitwao Pueblo Esperanza. Watu wa Meksiko, Kolombia na Guatemala nao wataona vibao kwa lugha yao juu ya madirisha ya chakula. Nawatakia furaha niliyoipata mimi. Bustani hiyo haina deni la kutujengea ujirani. Ni mahali pa kutembelea siku moja, na kwa siku moja inafanya kazi yake vizuri.

Wenye deni ni sisi, tunaojenga masoko ya kudumu. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na kulijenga upya kukawa kazi ya taifa. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na wachoma mishikaki wakarudi na majiko yao. Miji yetu mingi ina mpango wa kuwatoa mama lishe barabarani na kuwapeleka kwenye jengo lenye maji, choo na paa. Ninaunga mkono mipango hiyo kwa moyo wote. Mwanamke anayepika kuanzia alfajiri anastahili bomba la maji safi na mahali pa kuhifadhia vyombo vyake, na anayekula kwake anastahili usafi.

Ninachoomba ni kwamba tunapohesabu vizimba tuhesabu na majirani. Mara nyingi tunachora vizimba vya ukubwa mmoja, tunavipa namba, kisha tunawagawia wauzaji mmojammoja kana kwamba kila mmoja alikuwa akifanya biashara peke yake jangwani. Mama wa maharage anapelekwa ghorofa ya chini, Mama Chapati anapelekwa mwisho wa ukumbi wa juu, mwenye juisi anakosa nafasi kwa sababu hakuwa na barua. Kwenye karatasi wote wamehudumiwa kwa haki. Kwenye maisha yao, kamba iliyowafunga pamoja imekatwa. Muuzaji aliyetengwa na wenzake hulazimika kuuza kila kitu mwenyewe ili mteja asiondoke, na wote wakifanya hivyo, baada ya miaka michache jengo zima linauza chipsi, wali na soda, kizimba baada ya kizimba.

Kinga ya hali hiyo haihitaji fedha nyingi. Afisa biashara anayeandikisha wauzaji aongeze swali moja kwenye daftari lake: wewe huwa unaagizia kwa nani, na nani huagizia kwako? Majibu hayo ndiyo yapange nani akae karibu na nani. Waliozoea kuhama pamoja wahamishwe pamoja. Meza zisigawanywe kwa kizimba, ziwe za wote, ili familia iliyokuja na matakwa manne ikae mahali pamoja na chakula kiwafuate. Na sisi wateja tusiwe wavivu wa kulipa mara tatu kwa watu watatu. Shilingi zile tunazozigawa kwa mikono mitatu ndizo zinazowezesha majiko matatu kuwaka kesho asubuhi, na kila jiko libaki na mpishi mwenye neno lake juu ya chumvi.