Kahawa Ikiwa Maua

Injili ya Dominika ya 13 ya Mwaka B (Mk 5:21–43) ina wagonjwa wawili, na mmoja tu ndiye mwenye baba wa kumsemea. Yairo, mkuu wa sinagogi, anakuja mbele ya watu wote, anaanguka miguuni pa Yesu, anaeleza shida ya binti yake, na msafara mzima unageuka kumfuata. Mwanamke anayetokwa damu kwa miaka 12 anapita kwa nyuma. Yairo ana jina. Mama huyu hana, wala hatuambiwi alitoka kijiji gani. Habari tuliyo nayo ya maisha yake ni kwamba alihangaika kwa waganga wengi, akamaliza vyote alivyokuwa navyo, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Luka anasimulia kisa hichohicho, lakini pale pa kuteseka mikononi mwa waganga na hali kuzidi kuwa mbaya amepanyamazia. Mapokeo yanasema Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Sisemi zaidi.

Nimekuwa nikimfikiria mama wa Injili tangu Novemba, kwa sababu ya mama mwingine. Huku kwetu Kagera mibuni ikichanua, kibanja kizima hunukia kama asumini. Maua yenyewe hukaa siku chache tu, kisha hunyauka. Huo ndio wakati anapopita mnunuzi wa butura. Kwa msomaji wa mkoa mwingine: butura ni kuuza kahawa ikingali maua, au ikiwa bado changa mtini, kwa fedha ya leo, halafu mnunuzi anakuja kuivuna ikiiva. Anatembea kati ya miti, anakisia kwa macho, anasema hapa nitapata magunia matatu, anahesabu noti. Kwa magunia hayo matatu mkulima anaweza kupokea fedha ambayo mwezi Julai angeipata kwa gunia moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na bado ipo, kwa kuwa mtu mwenye nafasi haendi butura. Unakwenda ukiwa na mgonjwa ndani, au maiti, au mtoto anayetakiwa kuripoti kidato cha kwanza na hana godoro wala sare.

Mama huyu, wa jumuiya mojawapo ya parokia yetu, alikuwa katika mwaka wa tatu wa kutokwa damu. Nilipomwuliza kwa nini hakusema mapema alinitazama kwa huruma, kama watu wanavyowatazama mapadri.

"Padri, kahawa si ni ya mzee?"

Wanaotoka huku wamekwisha kuelewa. Kibanja, pamoja na migomba na mibuni yake, ni mali ya ukoo wa mume. Sehemu ya mama ni rweya, kule kwenye nyasi, anakolima njugumawe, mihogo na maharage. Kinachotoka rweya kinaliwa nyumbani. Kahawa ndiyo inayoleta fedha ya pamoja. Na bei ya robusta, kama mnavyojua, inatazamwa London. Basi ugonjwa wa mama una foleni mbili. Ile ya hospitali ni ya pili. Ya kwanza iko nyumbani, nyuma ya bati la paa, ada, deni la msiba wa mwaka juzi, na mzee mwenyewe, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, ila hakuwahi kuambiwa, kwa sababu mambo hayo mwanamke hamwambii mume wake kirahisi.

Alianzia duka la dawa muhimu, akapewa vidonge vya kuongeza damu. Akaja mitishamba. Akaenda zahanati, na mwuguzi wa pale, Mungu ambariki, alimwambia ukweli kwamba kipimo kinachotakiwa hawana. Kutoka hapo ni kituo cha afya, na kutoka kituo cha afya ni hospitali, na kati ya kimoja na kingine kuna miezi, si kilomita. Alipofika hospitali ilikuwa wazi: uvimbe kwenye kizazi, na damu imepungua kiasi kwamba hawawezi kumpasua kabla hajaongezewa.

Gharama ya upasuaji sikuikariri. Nilizokariri ni zile ambazo hazimo kwenye risiti. Bodaboda hadi barabara kuu, na mgonjwa amekaa katikati ili asianguke. Hiace. Chakula cha dada yake aliyemuuguza akilala sakafuni wiki mbili. Dawa zilizoandikwa kwenye kikaratasi, ukanunue nje. Na maharage ya dada huyo, yaliyokuwa yakimngoja rweya na hakuna wa kuyapalilia.

Mtu ataniuliza: na bima? Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza 2018, ulitoza Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Nyumba hii iliwahi kuwa na kadi. Muda wake uliisha Februari, na Februari hakuna kahawa. Nimewasikia wakubwa wakisema watu wa vijijini hawana utamaduni wa bima. Labda. Mimi naona wana kalenda, na hakuna aliyeiuliza kalenda hiyo ilipopangwa tarehe ya kulipa. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza 1993, tumebadili majina ya mifuko na rangi za kadi. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni sheria njema. Naisubiri Februari yake.

Wala si kweli kwamba haiwezekani. Wazee wa hapa wanakumbuka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa huu, na miaka iliyofuata, nyumba zikifungwa moja baada ya nyingine, vibanja vikiuzwa, bibi akibaki na wajukuu sita. Leo dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure. Nina waumini wanaozimeza kwa miaka zaidi ya kumi na tano, wanapalilia, wanaimba kwaya, wanagombana na jirani juu ya mpaka. Sijasikia mtu akiuza maua ya kahawa ili anunue ARV. Kwa ugonjwa ule tuliamua, serikali na wafadhili na sisi, kwamba uhai wa mtu usingoje mavuno. Uvimbe wa mama wa kijijini haujapata bahati ya kutisha watu kiasi hicho.

Sasa nije kwetu sisi wenyewe, maana ni rahisi kwa padri kuisema serikali.

Kila kitongoji hapa kina chama cha kuzikana. Mtu akifa, kabla jua halijazama kuna kuni, kuna mikungu ya ndizi, kuna turubai na viti, daftari limefunguliwa na fedha ya jeneza imetimia. Asiyechangia anatozwa faini, na asipolipa, siku yake hatazikwa na watu. Najivunia sana jambo hili. Nimewahi kuhudumu mijini na najua watu wanavyozikwa huko. Lakini Novemba ile nilikaa kwenye benchi la hospitali nikafanya hesabu ndogo. Kama mama huyu angefariki wiki hiyo, kijiji kingetoa kwa siku moja fedha inayolingana na ile mume wake aliyoipata kwa kuuza butura kahawa yote ya mwaka ili mkewe atibiwe. Akiwa hai, tulimpelekea chungwa na pole.

Yuko pia mnunuzi. Anakaa benchi la tatu upande wa wanaume, anafunga Kwaresima, anamtunza mama yake mzazi vizuri. Harambee ya paa la kanisa mwaka jana mchango mkubwa kuliko wote ulikuwa wake. Niliupokea, nikamshangilia kwa jina kwenye kipaza sauti. Sikuuliza umetoka kwenye maua ya nani, na leo mvua ikinyesha wakati wa ibada hatuloani.

Ndiyo maana Yairo ananishughulisha kuliko zamani. Yeye ni mtu wetu, mtu wa kanisa kama tunavyosema, mwenye kiti cha mbele. Mtoto wake yuko mahututi, kila dakika ina thamani, na Yesu anasimama katikati ya njia kuuliza nani amenigusa. Wanafunzi wanaona ni swali la kijinga katika umati ule. Yesu hasogei. Anangoja mpaka mama yule ajitokeze akitetemeka na kueleza yote, na miaka 12 haielezeki kwa sentensi mbili. Yairo amesimama pale anasikiliza mahesabu ya waganga wa mtu mwingine wakati mtoto wake anakata roho. Marko haandiki kwamba alinung'unika. Habari za msiba zinaletwa Yesu akiwa bado anazungumza na mama. Na amekwisha kumwita "binti", neno lilelile ambalo Yairo alilitumia kwa mtoto wake. Sijui kama Yairo alilisikia. Ningekuwa mimi, ningelisikia kwa uchungu.

Damu ya kumwongezea mama wa kwetu ilipatikana. Vijana wawili wa jumuiya walipanda pikipiki alfajiri wakaenda kutoa, mmoja wao si wa ukoo wake wala wa mumewe. Zamani watu wawili wasio ndugu walipotaka kuwa ndugu, huku Buhaya, walichanjana, wakapaka damu kwenye buni mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akala ya mwenzake. Siku hizi inakwenda kwa mrija.

Injili inaishia jikoni. Binti wa Yairo amefufuka, watu wameduwaa, na Yesu anasema mtoto apewe chakula. Nilipita kwa yule mama Jumanne. Amekatazwa kubeba ndoo na kushika jembe, kwa hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni mwa jiko akimenya ndizi polepole. Vijana wa mnunuzi walikuwa kibanjani, wametandika majamvi chini ya mibuni, wanachuma na kucheka. Mzee alikuwa amekwenda kutembea. Wakivuna huwa hakai nyumbani.

Alinikaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama desturi, buni chache kwenye jani la mgomba. Nikamwuliza imetoka wapi, maana nilijua yote imeuzwa. Akaelekeza kisu nyuma ya jiko.

"Ule mmoja hakuuona. Umefichwa na mgomba."