Nafsi na Majina Tuliyoivika

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo kisha akatupa masikio, macho na nyoyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ali zake, na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, nitaanza kwa aibu yangu mwenyewe, kwani si insafu mtu kuwakagua wenzake na daftari yake ameificha chini ya mto. Nilialikwa katika nikahi moja hapa mjini. Nilikuwa nimezoea kwamba nikihudhuria, mimi ndiye niombwaye kuomba dua. Siku hiyo akaombwa kijana, wala hakuomba vibaya. Nilirejea nyumbani nikasimama kusali Isha, na moyoni nikawa ninajibizana na mwenye arusi. Nilipokaa kwenye atahiyatu sikujua kama nimesali rakaa tatu au nne. Nikaleta rakaa moja zaidi na sijida ya kusahau, kama sharia inavyotuelekeza, na nilipotoa salamu nikajiuliza: aliyekuwa akisali ni nani? Mwili ulikuwa juu ya mswala, na huyo "mimi" alikuwa bado kule kwenye busati la arusi, anatafuta mahali pake.

Mtoto hazaliwi na "mimi" huyo. Huadhiniwa sikioni, siku ya saba huitwa jina, naye hajui kama jina hilo ni lake. Watu wa elimu ya nafsi wa zama zetu wamewapaka watoto alama puani bila ya wenyewe kujua, wakawaweka mbele ya kioo. Mdogo humchekea yule aliyemo kiooni kama amchekeavyo mgeni. Mpaka apate kiasi cha miezi 18 ndipo wengi wao huanza kupeleka mkono kwenye pua zao wenyewe. Basi hapo nasi ndipo tunapoanza kumvika. "Wewe mwana wa fulani." "Wewe si wa kucheza na hao." "Kwenu ni watu wa elimu." Kila neno ni nguo, na nguo ikivaliwa miaka mingi mwenyewe huidhani ngozi. Ndiyo sababu ikivutwa kidogo tu, hupiga ukelele.

Wala si wazazi peke yao wavishao. Zama za utawala wa Kiingereza, sheria ziliwagawanya watu wa pwani hii kuwa "wenyeji" na "wasio wenyeji", na kodi na haki ya kura zikafuata majina hayo. Katika miaka ya 1920 Waarabu walipopewa kuchagua mjumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Thenashara Taifa walijikuta nje ya mlango. Watu waliokuwa wakisali safu moja, wakioana na kuzikana, wakaingia katika ugomvi wa nani Mwarabu na nani si Mwarabu. Siwalaumu waliotafuta haki zao; mwenye kudhulumiwa ana haki ya kusema. Nisemalo ni kwamba neno lililoandikwa na karani kwa ajili ya kodi liliingia nyoyoni, na utawala ule umeondoka tangu Disemba 1963, na neno bado limekaa kitako.

Nenda ukasikilize penye posa. Aja kijana asiyepitwa na sala ya jamaa, ana kazi ya halali, na majirani wamsifu. Binti ameridhia. Baba hana la kumtoa ila moja tu: "Hatujui kwao." Binti hukaa, miaka hupita, na baba hujiona amelinda kitu. Amelinda nini? Mtume (S.A.W.) ametuagiza kuwa akitujia tunayeiridhia dini yake na tabia yake, tumwoze, na akatuonya juu ya fitina itakayokuja tusipofanya hivyo. Na Abu Hudhaifa mwana wa Utba, naye ni katika wakubwa wa Makureshi, alimwoza Salim, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa nduguye mwenyewe, Hind binti Walid. Najua nitajibiwa, "Na mlango wa kafaa je, katika madhehebu yetu ya Shafi?" Mlango huo upo wala siukani. Lakini maulamaa wenyewe wamesema kafaa ni haki ya mwanamke na mawalii wake, na mwenye haki aweza kuiacha. Basi baba mwenye kukataa asijifiche nyuma ya kitabu. Kitabu kimempa hiari. Aliyekataa ni yeye.

Hata Sahaba hawakusalimika na jambo hili. Abu Dharri (R.A.), mmoja wa waliotangulia kusilimu, siku moja alimtukana mtu kwa mama yake. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba bado mna ujahili ndani yake. Hakumwambia ametoka katika dini. Alimwonyesha nguo kuukuu aliyokuwa hajaivua. Naye akaivua kweli, hata watu wakamwona baadaye yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja.

Sasa yavuliwaje? Imamu Ghazali hakutuachia maneno matupu, alianza kwa nafsi yake. Mwaka 1091 aliwekwa kuwa mwalimu wa Nidhamiya ya Baghdad, na umri wake ulikuwa kiasi cha miaka 33. Wanafunzi mia tatu wakimsikiliza. Jina lake likawa kubwa. Kisha akaigeukia nia yake katika kule kufundisha, akaiona haikuwa safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Iliyokuwa ikimsukuma ni jaha na kutajika. Mwaka 1095 akawa kwa muda wa kiasi cha miezi sita leo aazimia kuondoka, kesho aahirisha, hata ulimi ukamfunga asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakishuki. Matabibu wakakata tamaa. Mwishowe akagawa mali yake, akabakisha ya kutosha yeye na watoto, akatoka kwenda Sham. Na huko Dameski akawa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mlango mchana kutwa. Aliyekuwa Imamu wa Baghdad akawa mtu tu.

Sisi hatuambiwi tuache maduka yetu tukajifungie minarani. Katika Ihyaa ameiandika njia ya mtu wa sokoni, na ameifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Asubuhi wawekeana naye sharti. Mchana wamchunga, na huko ndiko kuitwako muraqaba: kuwa macho juu ya moyo wako, ukijua kwamba Mola wako auona kabla yako. Usiku wapiga hesabu, na akiwa amekula rasilimali wamtia adabu na kumlaumu. Katika hayo yote, ugumu uko kwenye mchana. Mtu akikuita kwa jina lisilokupendeza, kifua chapanda moto mara moja. Hapo usijibu. Mtume (S.A.W.) amemfundisha mwenye hasira, akiwa amesimama, akae. Basi kaa, uutazame moto huo, uulize: iliyoguswa ni haki, au ni nguo yangu? Ikiwa ni haki, simama uitetee. Mara nyingi, nami nasema kwa nimeyoyapata, utaona ni nguo.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa yule mwenye arusi kumtaka radhi kwa niliyomdhania. Alishangaa. Hakukumbuka hata ni nani aliyeomba dua.

Siku hizi pana wanaofundisha kukaa kimya na kuitazama pumzi, na hospitali za Marekani zimelifanya jambo hilo dawa tangu Jon Kabat-Zinn alipolianzisha huko Massachusetts mwaka 1979, akilichukua katika mafunzo ya dini ya Buddha. Hatuwatukani, mwenye kupata nafuu na apate. Lakini sisi tuna sala tano, na tukiwamo ndani yake kweli hatutakuwa na haja ya kukopa. Na tusiende upande wa pili, kwa wale wadaio kwamba nafsi ikisafika mja hutoweka na sharia humwondokea. Hilo ni upotofu. Mja hubaki mja, na ataulizwa kwa jina lake.

Darasa yetu ya Ijumaa baada ya Magharibi itausoma mlango wa kafaa neno kwa neno. Wazazi walio na posa mikononi nawaje, na mwenye kunipinga alete kitabu chake.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum.