Kura za Wengi na Hukumu ya Wachache

Mara kwa mara twaulizwa swali hili: Ikiwa watu wa nchi wamepiga kura na kusema neno lao, kisha mahakimu wachache wakalitangua, ni nani aliyevunja sheria? Wengine hujibu upesi kwamba mahakimu wamewanyang'anya watu haki yao. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba haki haihesabiwi kwa vichwa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimejibu kabla ya kusikia habari.

Kwa hiyo twachukua jambo moja lililotokea kweli katika jimbo la California, huko Marekani, ambako watu walishindana miaka mingi juu ya ndoa ya mume kwa mume na mke kwa mke. Juu ya ndoa yenyewe hatuandiki hapa; kila msomaji anajua alivyofundishwa. Tunalouliza ni hili tu: nani mwenye kukata neno?

Mwaka 2000 watu wa California walipiga kura, na zaidi ya 61 katika kila 100 wakapitisha sheria kwamba ndoa itakayotambuliwa ni ya mume na mke tu. Sheria hiyo ikakaa miaka minane. Tarehe 15 Mei 2008 mahakama iliyo juu ya zote katika jimbo, mahakimu 4 juu ya 3, ikaitangua, ikisema kwamba yapingana na katiba ya jimbo. Mwezi wa Juni watu wakaanza kuoana. Lakini wapinzani walikuwa wamekwisha kukusanya sahihi za watu, na tarehe 4 Novemba mwaka ule ule kura zikapigwa tena. Safari hii haikuwa sheria ya kawaida. Maneno yale yale yaliandikwa ndani ya katiba yenyewe. Watu zaidi ya milioni 7 wakakubali, na milioni 6 na laki 4 wakakataa, yaani 52 katika 100 walikubali.

Hapo pana jambo la kuangaliwa sana. Sheria ya kawaida ni kama agizo la leo la wenye nyumba, bali katiba ni kama kiapo walichojifungia wenyewe zamani, ili hasira au hofu ya siku moja isiwapeleke wasikotaka kwenda. Hakimu atanguaye agizo kwa ajili ya kiapo si adui wa wenye nyumba. Anawakumbusha neno lao la kwanza. Lakini je, wenye nyumba wakikibadili kiapo chenyewe, hakimu atasimama juu ya nini?

Tarehe 26 Mei 2009 mahakama ile ile ilijibu, mahakimu 6 juu ya 1. Ilisema kwamba watu wanayo mamlaka ya kubadili katiba yao, na badiliko lao litasimama. Walakini wale waliokwisha kuoana kati ya Juni na Novemba, jozi zipatazo 18,000, ndoa zao hazivunjwi. Maana walioana kwa sheria iliyokuwapo siku ile, na badiliko halikusema waziwazi kwamba linarudi nyuma. Ronald George, aliyeandika hukumu ya mwaka 2008, ndiye aliyeandika na hii. Pande zote mbili zilitoka zikinung'unika, nasi twaona kwamba katika habari hii yote hakuna hukumu iliyopimwa vema kuliko hiyo. Mzee yule aliinama mbele ya kura iliyoitangua kazi yake mwenyewe, wala hakukubali kwamba ahadi iliyofanywa kwa halali mwezi wa Agosti iwe si kitu mwezi wa Novemba.

Basi tuwasikilize wanaotetea kura. Neno lao si jepesi. Husema: mahakimu 4 juu ya 3, maana yake ni kwamba mtu mmoja akigeuka, hukumu nzima yageuka, je, mtu mmoja awe mzito kuliko mamilioni? Tena, neno lenyewe halikuandikwa waziwazi katika katiba. Mahakimu wamelitoa katika maneno mapana kama uhuru na usawa, na maneno mapana hubeba mengi.

Lakini na wao tuwaulize. Mwaka 1964 watu wa California hao hao walipiga kura, yapata 65 katika 100, kuiondoa sheria iliyokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya rangi yake. Mahakama ya jimbo ikaitangua kura ile mwaka 1966, na mahakama kuu ya Marekani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 1967, mahakimu 5 juu ya 4. Hata kabla ya hapo, mwaka 1948, mahakama ya California iliitangua sheria iliyokataza mweupe kuoana na mweusi, nayo kwa 4 juu ya 3. Na miaka kumi baadaye, watu wa Marekani walipoulizwa, 4 tu katika 100 walisema ndoa za namna hiyo zawapendeza. Asemaye kwamba kura haitanguliwi kamwe, na amwambie mtu mweusi aliyenyimwa nyumba kwamba ilimpasa kungoja mpaka jirani zake wabadilike.

Nao wanaozisifu mahakama wasifurahi mapema. Mwaka 1857 mahakama kuu ya Marekani, kwa 7 juu ya 2, ilisema kwamba watu wa asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia wa nchi ile. Joho la hakimu halimfanyi kuwa mwenye haki. Twaona basi kwamba mtu asifuye kura pale aliposhinda kwa kura, kisha asifu mahakama pale aliposhinda mahakamani, hana neno lolote juu ya swali letu. Ana shauri lake tu.

Je, hakuna tofauti kati ya hao wawili? Iko, nayo ni hii. Mpiga kura haulizwi sababu. Huweka karatasi yake na kwenda nyumbani, na sanduku hupokea ya mwenye kufikiri na ya mwenye chuki bila kuzipambanua. Wakipiga kura juu ya kodi, wote watailipa. Lakini wengi wakipiga kura juu ya ndoa ya wachache, wengi hao huamka kesho yake hali yao ni ile ile. (Wao hujibu kwamba maana ya ndoa ni mali ya wote, jibu hilo lina uzito wake.) Hakimu, yeye, sharti aandike sababu zake, na aliyeshindwa aweza kuzisoma na kuzijibu. Na hesabu ya kura haithibitishi ukweli. Hata Walutheri wa Marekani, wa kanisa lile kubwa lao, walipokutana Minneapolis mwezi wa Agosti 2009, walipitisha andiko lao juu ya mambo ya mume na mke kwa kura 676 juu ya 338, yaani theluthi mbili kamili iliyotakiwa. Kura moja ingekwenda upande wa pili, andiko lingeanguka. Twadhani hakuna mtu pale, wa upande wowote, aliyeamini kwamba kweli ilikuwa juu ya mkono wa mtu mmoja.

Walakini pana jambo ambalo wenye kura wana haki ya kulilalamikia. Mwaka 2010 hakimu wa serikali kuu, Vaughn Walker, alisikiliza mashahidi, kisha akalitangua badiliko la 2008 kwa katiba ya Marekani yote. Gavana na mwanasheria mkuu wa jimbo wakakataa kulitetea. Wale waliolileta badiliko wakaja kulitetea wenyewe. Na tarehe 26 Juni 2013 mahakama kuu, kwa 5 juu ya 4, ikawaambia kwamba hawana haki ya kusimama mbele yake kwa ajili ya jimbo. Basi hukumu ya Walker ikasimama, na arusi zikaanza tena. Kura za watu milioni 7 zilikwisha bila mahakama ile kusema kama zilikuwa za haki au si za haki. Kushindwa baada ya kusikiwa mtu aweza kukuvumilia; kufungiwa mlango ni kitu kingine.

Mwaka 2015, tarehe 26 Juni, mahakama hiyo hiyo ilijibu swali lenyewe kwa nchi yote, tena kwa 5 juu ya 4, kwamba ndoa hizo zitambuliwe katika kila jimbo. Mkuu wa mahakama, John Roberts, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alisema kwamba neno hili lilikuwa la watu kulikata wenyewe. Mwezi mmoja kabla, watu wa Ireland walikuwa wamelikata wenyewe kwa kura, 62 katika 100 wakikubali, na huko hakuna aliyeweza kusema kwamba mahakimu wamewaibia.

Katika jimbo la Iowa watu walishika njia nyingine. Mwaka 2009 mahakimu wao wote 7 walikuwa wameruhusu ndoa hizo. Mwaka 2010 mahakimu 3 kati yao walipoletwa mbele ya wapiga kura, wote watatu wakaondolewa. Hukumu yao haikuondoka. Ilikuwa halali, maana katiba ya Iowa yawapa watu uwezo huo. Lakini hakimu aandikaye huku akitazama kiti chake, hatujui atamfaa nani.

Huko California maneno ya mwaka 2008 yalibaki ndani ya katiba bila nguvu, hata Novemba 2024 watu wakaulizwa tena, na zaidi ya 62 katika 100 wakayafuta. Jimbo ni lile lile, na sanduku ni lile lile. Lakini waliopiga kura mwaka 2024 walikuwamo wengi ambao mwaka 2008 walikuwa watoto wa shule, na katika wale milioni 7 wako waliokwisha kuzikwa.