Uaminifu Katika Rundo la Kuni

Majani mabichi hayawi chai bila joto, na katika viwanda vingi vya Kericho na Bomet joto hilo hutoka katika kuni za mikaratusi. Zamani gogo lilibebwa begani. Siku hizi trekta dogo huvuta tela, na mzigo wa watu wengi hufika kwa safari moja. Je, mashine imemwondolea mtu kazi? Imemwondolea uzito, wajibu imemwachia.

Kuni hupimwa kwa mita za ujazo: urefu, upana na kimo cha rundo. Mwenye hila huacha mapengo katikati, au huficha magogo mabichi nyuma ya makavu. Mpimaji aweza kudanganyika, moto haudanganyiki. Kuni mbichi hupoteza joto jingi kwa kukausha maji yake yenyewe kwanza. Tena viwanda vya wakulima wadogo ni mali ya wakulima wenyewe. Mkulima apunjaye rundo la kiwanda chake hujipunja nafsi yake na jirani zake.

Vijana, trekta halina dhambi wala thawabu. Utu wa mtu hujulikana kwa gogo aliloliweka mahali pasipofikiwa na jicho la mpimaji.