Kifaa Nisichoweza Kubishana Nacho

Kuna uchovu wa kujifunza na kuna uchovu wa kutii. Kwa mbali vinafanana: vyote viwili humtoa mtu jasho na kumfanya ajione mjinga. Lakini anayejifunza kushona, kusuka ukili au kuendesha baiskeli huumia leo ili kesho aelewe zaidi kidogo. Anayetii hubonyeza alipoambiwa abonyeze, kitu kikafanya kazi, naye akabaki hajui kwa nini. Kesho kikigoma, ataanza upya pale pale alipoanzia jana.

Nimeliwaza jambo hili tangu binti yangu aliponinunulia kompyuta mpya ya baiskeli, kidude kinachoenea kiganjani na kufungwa kwenye usukani. Swali lililonijia si namna ya kukitumia, maana hilo hatimaye lina majibu. Swali ni hili: je, mtu ana wajibu wa kukielewa kipimo kabla ya kukiamini, au inatosha kwamba wengine wanakiamini?

Kifaa changu cha zamani kilikuwa na waya, sumaku moja kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na sensa iliyofungwa kwa vibanio vya plastiki. Kila sumaku ilipopita mbele ya sensa, kilihesabu mzunguko mmoja. Kilitaka kuambiwa jambo moja tu: mzingo wa gurudumu kwa milimita. Kijitabu chake kilikuwa na jedwali, na tairi la 700 kwa 25 kama langu liliandikiwa 2105. Lakini kijitabu kilieleza pia namna ya kupima mwenyewe. Nikachora mstari wa chaki barazani, nikaweka valvu juu ya mstari, nikaikalia baiskeli huku mke wangu akiishika isianguke, tukaisogeza polepole hadi valvu iliporudi chini. Futi ya kushonea ikasema 2096. Tairi lenye mtu juu yake hubonyea, ndiyo maana. Milimita 9 si kitu, lakini katika safari ya kilomita 100 zinafika karibu mita 430.

Tangu siku ile nilijua kila kilomita kwenye kioo kile imetoka wapi. Mtu akibisha, ningemwonyesha chaki na futi. Fundi yeyote wa baiskeli chini ya mwembe angeielewa hoja yangu, na angeweza kunipinga kwa futi yake mwenyewe.

Ujuzi huo ni wa zamani. Mwaka 1895 huko Hartford, Marekani, Curtis Veeder alianzisha kampuni ya kutengeneza kihesabio cha baiskeli. Kipini kwenye spoki kiligonga gurudumu dogo lenye meno kila mzunguko, na meno yakasukuma namba. Ungeweza kukaa chini ukakitazama kinavyofanya kazi hadi ukaridhika.

Kipya hakina sumaku. Kilitaka simu kwanza, kisha akaunti, barua pepe, neno la siri lenye herufi kubwa na namba na alama, umri, jinsia, uzito, na kukubali masharti marefu kuliko mkataba wa nyumba ninayoishi. Kisha kikataka sasisho, na bando langu likaisha sasisho likiwa nusu. Kina vitufe vitatu, na kila kitufe kina maana mbili kutegemea umekibonyeza au umekishikilia. Jioni nzima ilipita nikitafuta mahali pa kuzima mlio mmoja. Kijana mmoja wa kikundi chetu cha waendesha baiskeli alinihurumia.

“Mzee, we bonyeza ‘kubali’ tu. Usisome.”

“Kwa nini nisisome?”

“Hata mimi sijasoma. Ndivyo inavyokuwa.”

Alisema kwa wema kabisa, na simlaumu. Lakini neno lile “usisome” lilinikaa. Nimefundishwa vitu vingi maishani na watu wakali, wengine wakiwa na fimbo mkononi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nisisome.

Mlio niliokuwa nautafuta ulikuwa wa kusimama. Kila nilipokwama nyuma ya daladala, kifaa kililia na kuacha kuhesabu muda, nikiondoka kikalia tena. Kumbe kimetengenezwa kwa makusudi kiache nje ya safari muda wote usio wa mwendo, ili wastani wa kasi upendeze. Kwa hiyo dakika 20 nilizomsaidia mtu kuziba pancha Bunju hazikuwemo. Dafu la Kerege na habari za nyumbani za muuzaji havikuwemo. Kikundi chetu kizima kilikuwa na wastani mzuri na asubuhi zilizokatwa vipande. Hapo niliona kwamba hata kabla kipimo hakijapima chochote, mtu fulani mahali fulani ameshaamua nini kinastahili kuitwa safari. Uamuzi huo unaweza kuwa wa busara, lakini ulifanyika bila sisi, na ulihitaji jioni nzima kuupata ulikofichwa. Niliuzima, na wastani wangu ukashuka.

Baadaye zikaja namba za kuchekesha. Ufukweni Bagamoyo, ngalawa zikiwa mbele ya macho yangu, kifaa kiliniambia niko mita 11 chini ya bahari. Nilitafuta sababu hadi nikaipata, na ilikuwa nzuri: kifaa hupima mgandamizo wa hewa na kuugeuza kuwa kimo, na karibu na usawa wa bahari badiliko la hektopaskali 1 huwa kama mita 8. Hali ya hewa ikigeuka kidogo, umezama bila kulowa. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu kifike, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliweza kukibishia nikiwa na hoja.

Umbali ni hadithi nyingine. Unatokana na setilaiti za GPS zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu. Wawili tukitoka pamoja na kurudi pamoja, vifaa vyetu hutofautiana mita mia kadhaa, maana kila kimoja huunganisha nukta zake kwa mistari yake. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa lingeweza kufika kama mita 100. Usiku mmoja iliamua kuacha, na dunia nzima ikaamka na vipimo sahihi zaidi. Nashukuru iliacha. Lakini futi ya mke wangu haijawahi kutegemea uamuzi wa mtu yeyote aliye mbali.

Haya yote yangekuwa manung’uniko ya mtu mwenye miaka 54, kama kifaa kingepima barabara tu. Kinapima moyo pia, na ndiyo sababu kilinunuliwa. Kaka yangu mkubwa alifariki miaka miwili iliyopita, usingizini, kwa moyo. Binti yangu, anayefanya kazi Mwanza, aliniomba nivae mkanda wa kifuani na niwashe sehemu inayomwezesha kuona kwenye simu yake nilipo na moyo unavyokwenda. Sikuweza kumkatalia. Kujifunza kifaa hiki lilikuwa deni kwake, na deni la upendo halilipwi kwa kununa.

Sasa, kifaa kinaujuaje moyo wangu? Kilichukua 220 kikatoa umri. Kanuni hiyo imeenea tangu miaka ya 1970, na kwangu hutoa 166 kama kilele cha mapigo kwa dakika. Asilimia 90 yake ni 149, na hapo rangi nyekundu huanza. Jumapili moja ya Julai, tukirudi kutoka Bagamoyo, mapigo yalikuwa 152. Kioo kikawa chekundu. Mimi nilikuwa namsimulia mwenzangu habari ya harusi, sentensi ndefu ndefu, na kucheka. Simu ikaita.

“Baba, shuka kwenye baiskeli. Tafadhali, Baba.”

Sauti yake ilitetemeka. Nilishuka, kwa sababu mtoto anapokuomba hivyo unashuka. Lakini nilisimama pale Mapinga nikiwa na huzuni nisiyoizoea. Yeye hakuniona mimi. Aliona nyekundu, na hakuwa na njia ya kuiuliza nyekundu ilitoka wapi. Hata mimi sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya “najisikia vizuri”, na kaka yangu naye alijisikia vizuri usiku ule.

Hapo ndipo hoja yangu inapokutana na mpinzani wake mkubwa. Ni rahisi kusema mwili unajua, kipimo kinadanganya. Mwili nao hudanganya. Mwezi huo huo wa Julai, kusi ikivuma, kila anayekwenda Bagamoyo kutoka Dar hujiona shujaa. Kifaa kilinionyesha: mapigo yale yale, kwenda kilomita 31 kwa saa, kurudi 23. Ushujaa ulikuwa wa upepo. Mgongoni upepo hausikiki, usoni ndio husikika, kwa hiyo mwili hujipa sifa za kwenda na kulaumu kurudi. Bila namba mbili zile kukaa pamoja kwenye kioo, ningeendelea kuamini miguu yangu.

Kwa hiyo kipimo ni shahidi. Shahidi lazima asikilizwe, hata akisema usiyoyapenda, na shahidi lazima aulizwe: ulikuwa umesimama wapi, uliona kwa macho yako au ulihadithiwa? Ubaya wa “bonyeza tu, usisome” si kwamba kifaa kitasema uongo. Ni kwamba shahidi anapandishwa kuwa hakimu bila mtu yeyote kukusudia, na hukumu zake tunawapelekea watu wanaotupenda, nao wanatetemeka.

Nilikwenda hospitali, nikatembea kisha nikakimbia kwenye mashine nikiwa nimebandikwa waya kifuani. Kilele changu kikaonekana ni 177. Daktari alinieleza kwamba ile kanuni ni wastani wa watu wengi, na kwamba watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana mapigo 20 bila yeyote kuwa mgonjwa. Nikatafuta kwenye menyu, safari hii nikijua ninachotafuta, nikafuta namba ya kifaa na kuandika yangu. Nyekundu sasa inaanza 159. Ile 177 ni 2096 yangu ya pili.

Sijui setilaiti zinasemaje kwa undani, na sitajua. Hakuna mtu anayeweza kupima kila kitu kwa chaki yake mwenyewe. Tungekaa barazani mpaka tuzeeke. Wajibu ninaoukubali ni mdogo kuliko huo: kujua, kwa kila namba ninayoruhusu iamue jambo zito, ilitoka wapi na nani anaweza kuisahihisha. Namba za kasi naweza kuziacha zijiendee. Namba inayoweza kumtoa mwanangu machozi, hapana.

Nimemweleza binti yangu yote haya, pamoja na habari za kusi. Bado hupiga simu kioo kikiwa chekundu, na sitamwomba aache. Lakini swali lake la kwanza siku hizi ni, “Baba, upepo unatoka wapi?”