Soma Kwanza, Ndipo Upige Windows

Mwanangu, jambo hili nimewaambia mafundi wengi waliopita kwenye meza hii, na wewe nitakuambia, ingawa koo limechoka. Mteja akileta kompyuta inayojizima, usikimbilie flashi yenye Windows. Najua ndiyo njia ya mtaani: piga Windows, pokea pesa, aje mwingine. Lakini ukishafomati diski umefuta ushahidi wote wa kilichotokea, na mteja akirudi wiki ijayo na tatizo lilelile, huna la kumwambia isipokuwa kupiga Windows tena.

Wakati wote huo kompyuta ilikuwa inaandika. Tangu Windows NT ya mwaka 1993, mfumo huu hujiwekea kumbukumbu za matukio: huduma gani imewaka, programu gani imeanguka, diski imekataa nini, nani kaingia na nani kakosea nywila. Siku hizi mafaili yake, yanayoishia na .evtx, yanakaa C:\Windows\System32\winevt\Logs. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, gonga Enter. Hakuna programu ya kununua wala bando la kuunguza.

Ukiifungua hiyo Event Viewer, usishtuke. Hata kompyuta nzima isiyo na tatizo lolote ina alama nyekundu na za manjano kibao. Namba 10016 ya DistributedCOM, kwa mfano, utaikuta karibu kila mahali, na Microsoft wenyewe wameeleza kwamba inaweza kuachwa ilivyo. Matapeli wanalijua hili kuliko mafundi. Wanampigia mtu simu, wanajifanya ni watu wa Microsoft, wanamwelekeza afungue Event Viewer kwa mkono wake, kisha wanamwambia kila alama nyekundu ni kirusi. Mtu anaingiwa na hofu, anawaruhusu waingie kwenye kompyuta yake, na juu yake anawalipa. Nawe ukimtisha mteja kwa orodha hiyohiyo ili umpandishie bei, mimi sioni tofauti yenu.

Uanze wapi, basi? Anza na mteja, skrini baadaye. Muulize ilizima lini na alikuwa anafanya nini. Atakwambia jana saa nane na nusu mchana; wewe tafuta 14:30, maana Event Viewer haihesabu saa kama sisi. Angalia na saa ya mashine yenyewe. Kibetri cha kwenye mazabodi kikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma kila umeme ukikatika, nawe utayasoma matukio ya jana ukidhani ni ya zamani. Ukishaipata dakika yako, soma yaliyoandikwa kabla yake. Vijana mnang'ang'ania mstari wa juu, ambao mara nyingi ni kilio tu. Aliyepiga yuko mistari michache chini.

Chukua namba 41, ya Kernel-Power, ambayo katika nchi zetu hizi za umeme wa kukatika utakutana nayo sana. Imewekewa alama ya hatari kubwa, na kijana akiiona tu anaandika kwenye risiti kwamba pawa saplai imekufa. Hebu isome. Inasema mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri, basi. Iliandikwa baada ya mashine kuwaka tena. Haijui nini kiliizima, kwa hiyo na wewe bado hujajua. Fungua maelezo ya ndani. BugcheckCode ikiwa si sifuri, Windows yenyewe ilianguka, ile skrini ya bluu, na namba hiyo ndiyo ya kufuatilia. PowerButtonTimestamp ikiwa si sifuri, kuna mtu alikandamiza kitufe cha kuwashia mpaka ikazimika. Zote mbili zikiwa sifuri, ama umeme ulikatika ghafla ama mashine iliganda kabisa: hapo sasa uliza habari za UPS, tazama feni kama imejaa vumbi, pima hiyo pawa saplai. Na ukikuta 1074, hakuna ugonjwa. Mtu au programu iliagiza izimwe, na jina limeandikwa humo.

Maonyo ya manjano mnayaruka, na ndiyo yanayoninyima usingizi. Onyo namba 153 kutoka kwa diski linasema ombi la kusoma au kuandika ilibidi lirudiwe. Likitokea mara moja, huenda ni waya umelegea. Likijirudia siku kwa siku, kisha ikaja namba 7, ya sehemu mbovu, diski hiyo inaaga.

Na kidogo usikidharau. Mwaka 1986, katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, mwanafalaki Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta senti 75 zisizolingana katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Senti 75! Wengi wetu tungezitoa mfukoni tukaenda kulala. Yeye alifuata kumbukumbu za walioingia, mwezi hadi mwezi, mpaka ikajulikana ni Markus Hess, Mjerumani wa Hannover, aliyekuwa akipenya kompyuta za jeshi la Marekani na kuiuzia KGB alichokipata.

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi kumbukumbu za System kwenye flashi. Kwa kawaida zina nafasi ya megabaiti 20 tu. Zikijaa, za zamani hufutwa ili mpya ziandikwe, na ukichelewa siku unayoitafuta haipo. Wala usizifute ili paonekane safi. Kufuta nako kunaandikwa: 104 kwenye System, 1102 kwenye Security, pamoja na jina la aliyefuta.

Haya, ile laptopu ya mwalimu hapo mezani. Nimeitazama, ina 153 nyingi tangu mwezi uliopita. Usiizime. Leta diski ya nje, nakili kwanza mitihani na picha zake, kisha tumpigie simu tuzungumze bei ya SSD.