Mgonjwa na Kura ya Madaktari

Majaribio ya dawa si mageni kwetu Mwanza. Mwaka 2017 wasichana wa miaka 9 hata 14, jumla yao 930, walianza kuandikishwa katika jaribio la chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Nani achomwe sindano moja, nani mbili, nani tatu, haikuwa shauri la daktari, bali kura. Jaribio hilo lilisaidia kuonyesha kwamba sindano moja yatosha, na tangu mwaka 2024 Tanzania huchanja mara moja tu.

Lakini wale walikuwa wazima. Aliye na saratani hali yake ni nyingine. Amevuka ziwa kutoka Ukerewe, fedha zimekwisha, na daktari amwambia habari za dawa mpya. Huenda akakubali kwa kuwa aogopa kukataa. Tena hudhani amechaguliwa dawa iliyo bora, kumbe mara nyingi ni kura, na faida yaweza kuwa ya wagonjwa watakaomfuata. Yampasa kuyajua hayo kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Ajue pia kwamba akikataa, au akijitoa katikati, hanyimwi matibabu ya kawaida. (Wako wasemao kwamba kuingia ni kumjaribu Mungu. Sisi hatuoni hivyo.)

Basi akituuliza sisi wachungaji na waalimu, "Je, niingie?" tusimwamulie. Afadhali tumwulize: Umeelezwa nini? Kura ikikupa dawa ya zamani, utaridhika? Akishindwa kujibu, tufuatane naye kwa daktari, aelezwe tena kwa Kikerewe.